MCHEZA NGOMA WA MTONI MWENYE BUTI NYEUPE

Wiki hii tunaziacha kidogo habari za ndoa, za mawifi na za akina baba wasiotoa matumizi. Twende mtoni. Huko kuna kijana anatongoza kwa staili ambayo hata mafundi wa ngoma wa Bagamoyo wangeacha kupiga wakamtazama.

Hana gari, hana simu, hana hata senti tano. Alichonacho ni miguu. Na miguu yenyewe, weee! Sita, imetanuka kama kasia, mbele myeupe pee, nyuma mwekundu. Akiitikisa mbele ya bibie, shughuli imeanza.

Huyo ni kereng'ende. Ndiyo, kereng'ende huyu huyu unayemjua, mdudu mwenye mabawa manne na macho makubwa anayekatiza juu ya maji. Ila huyu tunayemzungumzia leo si yule wa kwenye madimbwi ya barabarani. Huyu ni wa mtoni, tena mto wenyewe uwe na heshima zake.

Tusimchukulie poa. Kijana huyu na ndugu zake wana habari inayotuhusu sisi tunaosubiri maji ya bomba huku Dunda, Dar na Tanga.

JINA LAKE NA NASABA YAKE

Kwa wataalamu anaitwa Platycypha caligata. Usijiume ulimi, twende taratibu. Hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake "aliyevaa buti". Askari wa Roma ya kale walikuwa na viatu vyao vilivyoitwa caliga. Yule mfalme wao katili, Caligula, alipata jina hilo la utani alipokuwa mtoto kambini, akivishwa vibuti kama vya askari.

Aliyempa kereng'ende wetu jina hilo ni bwana mmoja wa Ubelgiji, Edmond de Selys Longchamps, mwaka 1853. Inaonekana naye kilichomvutia ni miguu. Waingereza nao humwita kito kinachocheza. Sisi hapa, kwa leo, tumwite Mcheza Ngoma.

Duniani kuna aina zaidi ya 6,000 za kereng'ende, na Afrika peke yake ina zaidi ya 700. Wamegawanyika makundi mawili makubwa. Kuna wale wanene wenye nguvu, ambao wakitua huacha mabawa wazi kama ndege ya abiria. Halafu kuna wale wembamba, walaini, ambao wengi wao wakitua hukunja mabawa na kuyalaza mgongoni. Mcheza Ngoma yuko kundi hili la wembamba.

Makao yake si madogo. Anapatikana kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kwa hiyo si mgeni, ni mwenzetu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukifika mtoni tunatazama ndoo, hatutazami nani mwingine yuko pale.

PAMBA ZA DUME, KANGA YA JIKE

Sasa basi, tumtazame alivyo. Urefu wake ni sentimita tatu na kidogo, yaani anakaa vizuri kwenye kidole chako cha kati. Dume lina kifua cheusi chenye michirizi ya rangi ya machungwa iliyoiva. Tumbo, ambalo wengi tunaliita mkia, ni la bluu ya kung'aa juani, na ubavuni na kuelekea kifuani kuna wekundu. Bluu, nyeusi, chungwa, nyekundu na miguu myeupe: pamba za harusini kabisa.

Ukitaka kumtambua kwa uhakika, angalia mambo mawili. La kwanza, huo mkia wake ni mfupi kuliko mabawa. Kereng'ende wembamba wengi wana mkia mrefu unaopita ncha za mabawa, huyu na ukoo wake hapana. La pili, uso wake umechomoza mbele kama pua. Ukoo mzima una pua hiyo.

Jike je? Jike amevaa kawaida: kahawia yenye michirizi ya manjano. Ukimtazama haraka utadhani ni kijiti kilichokauka. Usimdharau lakini. Katika habari hii bibie ndiye mwenye kauli, na dume linalijua hilo.

NGOMA INAANZA NA KIWANJA

Hapa ndipo penye utamu. Dume haliendi kumtafuta bibie barabarani. Kwanza linatafuta kiwanja.

Kiwanja chenyewe ni kipande kidogo cha mto chenye gogo lililolala majini, au mizizi ya mti iliyoning'inia mpaka ndani ya maji. Dume linakaa juu ya jiwe au tawi, linalinda. Likija dume jingine, wawili hao wanasimama hewani uso kwa uso, wanapanda, wanashuka, wanatambiana. Mara nyingi hawagusani. Ni kama vijana wa vikundi viwili wanaoshindana kwa mkwara, mmoja akichoka anaondoka na kiwanja kinabaki na mwenyewe.

Bibie akitokea, dume linaacha ubabe mara moja. Linaruka mbele yake, mabawa yakipiga kwa kasi, mkia wa bluu ukionekana vizuri, na miguu ile inashushwa na kutikiswa, upande mweupe ukimwelekea yeye. Kwenye kivuli cha mto weupe ule unamulika kama taa ya disko.

Bagamoyo tunajua ngoma. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Mwalimu yeyote wa pale atakwambia kwamba mchezaji anachaguliwa kwa miguu kabla ya sura. Basi kereng'ende huyu alishalijua somo hilo bila ada.

Lakini usidhani bibie anadanganyika na miguu tu. Anatazama na nyumba.

BIBIE ANATAKA GOGO

Kwa nini dume linalinda gogo bovu kama vile ni kiwanja cha ufukweni? Kwa sababu bibie anatagia humo. Mkiani ana kifaa kama kisu kidogo, anachana ubao laini uliolowa, anasukuma yai ndani, kisha jingine. Gogo likiwa kavu na gumu, hapana. Likiwa limechukuliwa kuni, hapana pia. Linatakiwa gogo lililooza oza, lenye maji.

Kwa hiyo dume bila gogo ni sawa na bwana harusi asiye na pa kumweka mke. Acheze asicheze, ngoma haina mwisho mzuri.

Na gogo linatoka wapi? Linatoka kwenye mti. Mti unaota kando ya mto, unazeeka, tawi linakatika, linaangukia majini. Hakuna mti ukingoni, hakuna gogo. Hakuna gogo, hakuna mayai. Hesabu ya darasa la pili.

UTOTO WA MAJINI

Yai likianguliwa anatoka mtoto asiyefanana kabisa na wazazi. Hana mabawa, hana rangi za kuringia. Anaishi chini ya maji, katikati ya mizizi, majani na vijiti, akivizia vidudu vidogo. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Mlo ukipita karibu, mkono unafyatuka na kudaka.

Anapumua kwa matamvua yaliyoko mkiani. Kereng'ende wembamba wengine wana matamvua matatu yaliyo kama vijani. Watoto wa ukoo wa Mcheza Ngoma wana mawili tu, marefu, yaliyochongoka kama miiba.

Sasa fikiria mwenyewe. Mtoto anayepumua ndani ya maji anahitaji maji yenye hewa. Maji yanayokimbia juu ya mawe, yenye kivuli na ubaridi, yana hewa nyingi. Maji yaliyosimama juani, yamejaa tope, sabuni na taka, hewa yake ni kidogo. Tope likija kwa wingi linaziba nafasi kati ya mawe na vijiti, yaani chumba cha mtoto kinajazwa udongo.

Ndiyo maana kereng'ende wa mtoni ni shahidi mzuri. Hawezi kuhama kwa daladala mto ukichafuka. Miezi yote ya utoto wake yuko mle mle, na anapotoka na kuota mabawa anabakiwa na wiki chache tu za kucheza, kuoa na kufa.

Wenzetu wa Afrika Kusini wamelifanya jambo hili kuwa kipimo rasmi. Kila aina ya kereng'ende wameipa alama kuanzia 0 hadi 9. Wale wasiobagua maji wanapata alama ndogo. Wale adimu na wanaoumia haraka mto ukiharibiwa wanapata kubwa. Mtaalamu anakwenda mtoni, anahesabu waliopo, anajumlisha, anajua mto una hali gani. Mcheza Ngoma wetu hayuko kwenye alama za juu, kwa sababu ameenea na ana moyo wa kuvumilia kidogo. Hilo ndilo la kutisha: ukiona hata yeye ameondoka, ujue mto umeumwa sana.

USIMTAFUTE FORODHANI

Msomaji wa Dunda asikimbilie ufukweni na kamera. Huko chini kwetu kuna bahari, mikoko na maji ya chumvi. Mcheza Ngoma anataka maji baridi yanayotembea, mawe au mizizi, na miti ukingoni. Anataka kivuli, lakini pawe na upenyo wa jua ili bluu yake ionekane. Giza tupu halimfai, na uwazi mtupu haumfai.

Maji ya namna hiyo yako juu zaidi, huko mito inakotokea. Na hapo ndipo tunapokutana naye, kwa sababu maji yetu nayo yanatoka huko huko.

BINAMU WA AMANI ALIYEBAKI NA KIJITO KIMOJA

Tukisema mto ukiharibika kereng'ende anaondoka, kuna atakayesema, "Aende zake, atapata mto mwingine." Kwa Mcheza Ngoma, labda. Lakini anao wenzake wasio na pa kwenda. Panda nasi mpaka Tanga, milima ya Usambara Mashariki, msitu wa Amani.

Pale anaishi kereng'ende mwembamba, mrefu, anayeitwa Amanipodagrion gilliesi. Yeye ni wa ajabu: ni wa kundi la wembamba, lakini akitua anaacha mabawa wazi kama wale wanene. Neno Amani limo kabisa ndani ya jina lake. Alielezwa kitaalamu mwaka 1962 na Elliot Pinhey, na katika jenasi yake yuko peke yake. Hana kaka wala dada.

Jina la pili linamkumbuka Gillies, mtafiti wa mbu aliyefanya kazi Amani wakati pale palipokuwa na taasisi ya utafiti wa malaria. Kumbe mtu aliyekuwa akiwasaka mbu amepewa jina la mdudu ambaye mbu ni kitoweo cha ukoo wake. Dunia ina mambo.

Nje ya Usambara Mashariki hajulikani kuwepo popote duniani. Katika miaka ya karibuni kijito anachojulikana kuishi ni kimoja tu. Mwaka 2012 mashirika ya uhifadhi ya kimataifa yalitoa orodha ya viumbe 100 walio hatarini kuliko wote duniani, wanyama, mimea na kuvu pamoja. Kereng'ende wa Amani alikuwamo. Makadirio yao: hawafiki 500.

Hebu fikiria. Watu 500 hawajazi hata ukumbi mmoja wa taarabu. Kabila zima limekaa kwenye kijito ambacho mtu akiamua kukata miti ya ukingoni kwa wiki mbili, au kumwaga sumu ya kuvulia samaki siku moja, historia imekwisha. Hakuna wa kuagiza kutoka Ulaya.

Sababu walizozitaja ni za kawaida kabisa: watu wanaongezeka, msitu unabanwa, maji yanachafuliwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, na imesaidia sana. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliingia katika misitu ya Usambara Mashariki, wakichimbua vijito. Dhahabu ikiisha mchimbaji anahama. Kijito kinabaki na mashimo yake.

HAPO SASA NDIPO PANAPOTUHUSU

"Haya, mdudu akifa mimi nitakosa nini?" Swali zuri, dada yangu. Jibu liko kwenye ndoo.

Vijito vya Amani vinaingia mto Zigi. Mto Zigi unashuka mpaka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Yaani maji ya chai ya mtu wa Chumbageni na maji ya kitanda cha mtoto wa kereng'ende ni ukoo mmoja.

Kwetu Bagamoyo hadithi ni hiyo hiyo, ila mto ni mwingine. Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, unazunguka nyanda za Morogoro na Pwani, unakuja kumwagika baharini karibu kabisa na mji wetu. Njiani unachotwa maji ya Dar, Kibaha na Bagamoyo. Na hatujasahau Oktoba 2022, mvua zilipochelewa, Ruvu ukapungua, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Madumu ya njano yakapanga foleni, bei ikapanda, na ndoa ngapi ziligombana kwa ajili ya ndoo moja ya kuogea!

Mvua ikichelewa hatuwezi kuilazimisha. Lakini msitu juu ya mlima hufanya kazi ya mtungi: unapokea mvua, unaihifadhi ardhini, unaitoa kidogo kidogo kiangazi. Ukiukata, mvua inateremka siku moja na udongo wote, kesho yake mto ni mchanga. Mtoto wa kereng'ende aliyeko mle anakufa wa kwanza. Sisi wa mwisho wa bomba tunafuata, tofauti ni miaka.

Sheria siyo kwamba haipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Tembea kando ya mto wowote, hesabu hatua zako, uone ni mahindi, mchicha na matofali mangapi yamekaa ndani ya mita hizo.

Hatusemi mkulima ni mbaya. Mkulima anafuata maji kama kereng'ende anavyofuata, na bustani ya ukingoni ndiyo ada ya shule ya mtoto wake. Ndiyo maana kumfukuza bila kumwonyesha pa kulima ni kumhamishia mto wa pili. Lakini kuacha mstari wa miti ya asili pale majini, hata kama shamba liko nyuma yake, ni jambo linalowezekana. Tawi likianguka liachwe. Gogo bovu majini si uchafu, ni nyumba ya mtu.

Na mto husamehe ukipewa nafasi. Afrika Kusini mwaka 1995 walianza mpango mkubwa wa kung'oa miti ya kigeni iliyovamia kingo za mito na kuinyonya maji na jua. Miti ya asili ilipopata nafasi tena, kereng'ende adimu wakaanza kurudi sehemu ambazo hawakuonekana kwa muda mrefu. Hawakubembelezwa. Walikuta nyumba iko tayari, wakahamia.

UKIMWONA, FANYA HIVI

Siku ukisafiri kwenda kwenye milima au popote penye mto wa mawe, usipite tu. Chagua saa ambayo jua limepanda, maana kereng'ende hapendi baridi ya asubuhi. Kaa ukingoni, tulia kama dakika kumi. Tazama mawe na vijiti vilivyotokeza majini, usitazame juu hewani. Ukiona mkia mfupi wa bluu na kitu cheupe kinatikisika, umempata.

Usimkamate, usimfunge uzi. Mwangalie amalize shughuli yake, mwenzio ana wiki chache tu.

Onyo moja kabla hatujaagana: kuwepo kwake hakumaanishi maji ni ya kunywa hivi hivi. Kereng'ende hajui kipindupindu. Maji chemsha kama kawaida, shangazi.

Ila ukirudi mto ule ule mwaka wa pili, ukakuta mawe yapo, maji yapo, lakini mchezaji hayupo, usiseme "ah, mdudu tu". Uliza mti gani umekatwa, na nani amemwaga nini huko juu. Uliza mapema, kabla bomba la kwako halijaanza kukohoa hewa.